Wacheni spoila, angalieni ile buti imefungwa na mpira

Simama kando ya barabara ya Njoro Jumamosi jioni uangalie magari kwa nyuma, si kwa mbele. Utaona Vitz ya kijana wa Section 58 ikipita na spoila ya alumini, pana kama benchi ya kanisa. Dakika mbili baadaye itapita Probox inayoshuka kutoka Mau Narok. Mlango wake wa buti umeinuka nusu, umefungwa na mpira mweusi wa tyubu, gunia za viazi zimetokeza nje, na kati ya gunia na paa kuna watu wawili waliojikunja, magoti kidevuni. Gari zote mbili zimefanyiwa kazi kwenye buti. Zote mbili, mwenye gari alijifanyia bila kuuliza mtu. Sasa niambie, kwenye kizuizi cha polisi ni gani itaambiwa iweke kando?

Wasee wa Nakuru hawahitaji hata kufikiria. Ni Vitz.

Maneno yangu leo ni kuhusu hilo. Tumezoea kugombana juu ya mapambo ya gari, wazee wanalalamika, vijana wanajibu, na huku ile kazi ya buti inayoweza kuua mtu inapita tukiitazama. Ya kwanza inaonekana ni utundu wa vijana. Ya pili inaonekana ni watu wanaotafuta unga, kwa hivyo tunaihurumia na kunyamaza. Sitaki polisi waachane na Vitz na kuhamia kwa Probox, maana sote tunajua itaishia wapi: noti inakunjwa mkononi, safari inaendelea, buti iko vilevile. Nataka sisi tunaoendesha, tunaochomelea na tunaolipa nauli tujue tunachezea kitu gani tunapogusa mlango wa nyuma.

Tuanze na spoila, kwa sababu haitachukua muda.

Mapenzi yetu kwa hicho kitu hayakutoka hewani. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally na Subaru Impreza ya bluu, na wazee waliokuwa kando ya barabara wakila vumbi hawajawahi kunyamaza kuhusu mwaka huo. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 ilikuja hadi mlangoni petu. Kambi ikawekwa Naivasha, magari yakapasua vumbi Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior, na Sébastien Ogier akaondoka na ushindi akiwa na Toyota. Kijana wa Gilgil akishaona gari kama hilo likipita na bawa kubwa mgongoni, lazima arudi nyumbani aangalie Demio ya mamake kwa jicho lingine. Ni kawaida kabisa.

Tofauti ni kwamba bawa la gari la rali liko kazini. Hewa inayopita juu yake inalikandamiza gari chini, na nguvu hiyo inakua kwa haraka kuliko mwendo wenyewe: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Sasa geuza hiyo hesabu. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa sheria mjini, spoila yako inafanya robo tu ya kile ingefanya ukiwa 100. Pale Kenyatta Avenue, katikati ya tuktuk na boda, kazi yake ni kukusanya vumbi. Tena Vitz nyingi na Demio nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo hata ukikandamiza nyuma hujasaidia zile tairi zinazofanya kazi.

Lakini kutokuwa na kazi si kosa. Hata mkufu hauna kazi. Spoila iliyofungwa vizuri haimdhuru mtu, na anayeichukia anachukia ladha ya mwingine tu.

Shida ni hapo kwa kufungwa vizuri. Mlango wa buti ni bati mbili nyembamba zilizounganishwa pembeni: ya nje unayoiona, na ya ndani yenye mashimo na mbavu, ambayo ndiyo inashikilia nguvu. Fundi mvivu anatoboa ile ya nje, anakaza skrubu, anapaka silikoni, anachukua pesa yake. Mvua za Aprili zikija, maji yanapita kwenye shimo, kutu inaanza chini ya rangi, na siku ukipata pancha unakuta gurudumu la spea linaogelea. Fundi anayejiheshimu anabandika utepe kwanza ili rangi isipasuke, anaanza na drili nyembamba, anapaka praima kwenye kingo za shimo kabla ya bolti kuingia, na kwa ndani anaweka kipande cha bati nene ili uzito wote usining'inie kwenye bati la nje. Juu anaweka washa ya mpira na silikoni, halafu gari linalala likauke. Hiyo ni kazi ya nusu siku na zaidi. Ukiambiwa ni dakika 20, shukuru kwa chai uende zako.

Kuna pia suala la uzito. Shoki za buti, zile fimbo mbili zinazoinua mlango, zimeandikwa nguvu zake pembeni, nambari ikifuatwa na herufi N. Nguvu hiyo ilipimwa kwa mlango ulivyotoka kiwandani. Ongeza kilo kadhaa za alumini kwa shoki ambazo tayari zimechoka na mlango utakuangukia kisogoni ukiwa umeinama kutoa shopping. Suluhu ya Kenya nzima kwa tatizo hili ni mti wa ufagio. Nimeona ndai moja hapa mjini, rangi mpya, rimu mpya, muziki wa kutetemesha madirisha ya jirani, na ndani ya buti kuna kipande cha ufagio kimepakwa rangi ya gari. Angalau kilimechi.

Kama unafanya hii kazi mwenyewe nyumbani, shika mambo mawili tu. Usitoboe wala usichomelee karibu na shoki ikiwa bado iko kwenye gari, kwa sababu ndani kuna gesi iliyoshindiliwa kwa nguvu na inaweza kulipuka. Na kabla moto wa kuchomelea haujawashwa, toa waya wa betri. Kompyuta ya gari ikiungua, bei yake haitakuchekesha.

Basi. Spoila tumemaliza. Twende kwa Probox, maana huko ndiko kuna maneno.

Toyota ilianza kuiunda Probox mwaka 2002 kama gari la kazi, la kusambaza bidhaa kule Japani. Ilipimiwa mzigo wa kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watano. Tangu kanuni za viazi za mwaka 2019, gunia halali hapa Kenya ni la kilo 50. Kwa hivyo hesabu iko wazi: watu watano na gunia tano, au dereva na mwenzake na gunia nane. Hiyo ni kama gunia lina kilo 50 kweli. Mkulima yeyote wa Kuresoi atakuambia kuhusu mukorino, lile gunia lililovalishwa kilemba juu na kushonwa na kamba, ambalo linapita kilo 100 bila aibu.

Mzigo huo hauwezi kuingia kwa buti iliyofungwa. Kwa hivyo ufundi unaanza. Kiti cha nyuma kinatolewa. Benchi la chuma linachomelewa sakafuni. Loki ya buti, ambayo ilikufa zamani kwa kugongwagongwa, inatolewa kabisa na mahali pake panawekwa kulabu ya mpira. Shoki zinatolewa zikauzwe. Bawaba zinapinda kwa sababu mlango unapigapiga juu ya gunia kutoka Mau Narok hadi mjini, na bawaba zikishapinda, mlango haufungi tena hata siku ambayo gari ni tupu. Hapo ndipo mazoea yanazaliwa. Mpira ulioanza kama wa dharura ya siku ya soko unakuwa ndio loki ya gari, Jumatatu hadi Jumapili, mvua au jua, na familia ikienda matanga inakwenda nao.

Sasa sikiliza kuhusu hewa, maana hiki ndicho kitu ambacho hatuambiwi.

Angalia Probox yoyote iliyotoka kwa barabara ya vumbi. Kioo cha mbele unaweza kuona kupitia. Kioo cha nyuma kimepakwa vumbi kama ukuta wa nyumba ya udongo. Kwa nini, na vumbi liliachwa nyuma? Kwa sababu gari la umbo la sanduku likikimbia linaacha nyuma yake mahali ambapo hewa ni haba, na hewa ya pembeni inakimbilia kujaza hapo ikizunguka na kurudi kwa gari. Inakuja na vumbi. Na inakuja na moshi, kwa sababu bomba la moshi linatemea papo hapo, chini ya buti.

Mlango ukiwa umefungwa na mpira wake wa pembeni ukiwa mzima, hewa hiyo inagonga bati na kioo tu. Mlango ukiwa wazi, inaingia ndani. Na moshi wa petroli unakuja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu unayosikia ni takataka nyingine za moshi, kwa hivyo kutosikia harufu hakumaanishi uko salama. Ikifika kwenye damu, inashikana na kile kinachobeba oksijeni kwa nguvu inayozidi ya oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Oksijeni inakosa nafasi. Unaanza na kichwa kuuma, halafu kizunguzungu, halafu kichefuchefu, halafu usingizi.

Hebu fikiria ni mara ngapi umesikia hiyo orodha kwa stage. Mama ameshuka Njoro akishika kichwa, anasema ni njaa. Mzee anasema ni presha. Mtoto ametapika, wanasema hajazoea gari. Pengine ni kweli. Lakini mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hivyo gesi inampata mapema, na wale waliokaa nyuma kabisa, juu ya gunia, ndio walio karibu zaidi na bomba. Na dereva naye anavuta hewa ile ile. Usingizi wa dereva kwenye miteremko ya kwetu haupimwi na kifaa chochote cha barabarani.

Kwetu pia kuna baridi, na baridi inazidisha. Nakuru mjini tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Molo inakaribia 2,500, na Mau Narok iko juu zaidi. Saa kumi na moja asubuhi huko, hakuna abiria atakubali dirisha lifunguliwe. Dereva naye anazima feni ama anaiweka ile ya kuzungusha hewa ya ndani kwa ndani ili joto lisitoke. Hivyo gari zima linapumua kupitia mahali pamoja, na mahali penyewe ni buti.

Kuna wanaoamini kwamba kufungua kioo cha pembeni kunatosha. Hakutoshi, na mara nyingine kunaharibu, kwa sababu kioo kilichofunguliwa kinanyonya hewa kutoka ndani na ile ya nyuma inakuja kujaza pengo. Ikiwa leo huna budi, mzigo umetokeza na mlango hauwezi kushuka, fanya kinyume cha unavyodhani: funga madirisha, fungua matundu yote ya hewa ya dashibodi, weka feni mwisho, na hakikisha inavuta hewa ya nje. Hewa iingie mbele isukume ya nyuma itoke. Itakuwa baridi. Beba shuka. Na usifanye hivyo kama kawaida ya kila siku, ni ya kukufikisha tu.

Kuna magari ambayo yale madini ya kusafisha moshi kwenye bomba yaling'olewa yakauzwa, na mengine ambayo bomba lenyewe limetoboka chini ya sakafu. Hayo sitayaongelea sana. Kama gari lako linanguruma kama trekta na huendeshi trekta, unajua.

Halafu kuna watu wenyewe. Mwaka 2004 zile sheria za marehemu John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu ikalazimika kuwa na mkanda kwa kila kiti na hakuna kusimama. Ninavyoona mimi, msongamano ule haukuisha, ulihama. Ulitoka kwa matatu ukaingia kwa magari madogo ya barabara za ndani, mahali ambapo matatu ya watu 14 haioni faida kwenda. Buti ya Probox ndiyo ikawa ile sehemu ya kusimama ya zamani, tofauti ni kwamba sasa mtu anakaa na uso wake unatazama gari linalokuja nyuma.

Na gari linalokuja nyuma, kati ya Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, mara nyingi ni lori lenye tani nyingi na breki zenye joto. Gari likigongwa kwa nyuma, sehemu ya kwanza kukunjamana ni pale nyuma ya ekseli. Wahandisi walipaacha pakunjamane makusudi, wakijua hapakai mtu. Mlango uliofungwa na loki yake na bawaba zake unasaidia kulifanya sanduku lote likae pamoja. Mlango wa kufungwa na mpira haushikilii kitu. Mtu wa buti ndiye bampa. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa, kazi ilizinduliwa mwishoni mwa 2025, na siku itakapokuwa pana mwendo utaongezeka, wa lori na wa Probox.

Hata kama hakuna anayekugonga, uzito ulio nyuma ya ekseli ya nyuma ni kama mtoto mnene kwenye pembea ya ubao: yeye anashuka, mwenzake anapaa. Anayepaa ni magurudumu ya mbele, ambayo kwa Probox nyingi ndiyo yanayovuta gari, yanayoligeuza na yanayobeba sehemu kubwa ya breki. Ndiyo maana ukipanda kilima cha matope upande wa Olenguruone ukiwa umejaza, usukani unakuwa mwepesi kama wa mchezo wa simu. Dereva anasema barabara ni mbaya. Barabara ni mbaya kweli, lakini gunia nazo zinasema kitu.

Najua jibu la dereva, nimelisikia mara nyingi na si la upuuzi. Mafuta ni ghali. Gari ni la mtu, jioni lazima apelekewe pesa yake. Mkulima ana gunia sita leo na bei ya leo, kesho bei itakuwa nyingine. Mama yuko na mtoto kando ya barabara giza linaingia na hakuna gari lingine litakalopita. Ukimwambia huyo dereva habari za kaboni atakuuliza kama kaboni inalipa loni. Kwa hivyo sisemi aache kazi. Nasema ile pesa ndogo inayotumika kuharibu buti inaweza kutumika kuitengeneza, na gari likabeba karibu kile kile.

Shoki mbili za mtumba zilizotoka Japani hazifikii bei ya tairi jipya. Loki ya Probox ni kati ya spea rahisi kupata katika gereji za Nakuru, kwa sababu Probox zenyewe zimejaa. Mpira wa pembeni wa mlango ukichanika unang'olewa kwa mkono na mwingine unaingizwa kwa mkono, hakuna hata spana. Bawaba zilizopinda fundi wa bodi anazinyoosha. Kwa mzigo, kuna keria ya juu ya paa kwa vitu vyepesi kama kabeji na vikapu vitupu. Viazi, ambavyo ni vizito, vikae ndani, vilazwe chini na visukumwe mbele hadi viguse viti, si kurundikwa pale mlangoni kwa sababu ndipo rahisi kupakua. Ukipanga hivyo utashangaa ni mara ngapi mlango unafunga. Na kama bado kitu kimetokeza, funga kwa mnyororo na kulabu mbili, si tyubu, ning'iniza kitambaa chekundu, na angalia kwamba nambari ya gari haijaelekezwa mawinguni pamoja na mlango.

Kwa mzigo nakubali tujadiliane. Kwa watu sina mjadala: buti si kiti. Benchi la kuchomelewa halina mkanda na halikupimwa na yeyote, na likichomoka sakafuni linakuja mbele na wote waliolikalia.

Sasa serikali. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali ambayo haiwezi kuhatarisha wanaotumia barabara. Sentensi ni nzuri na pana. Upana wake ndio tatizo, kwa sababu chini yake afisa anaweza kukamata spoila iliyokazwa vizuri na kuachilia mlango unaopepea. Mwaka 2025 NTSA ilileta rasimu ya kanuni za ukaguzi ambazo zingeingiza magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne. Kwa kuwa tunaruhusiwa kuagiza magari ya hadi miaka minane, mengi yanashuka Mombasa tayari yamepita umri huo. Wengi walipiga kelele kuhusu ada, na mimi naelewa. Lakini sikusikia kelele yoyote kuhusu swali la muhimu zaidi: mkaguzi ataangalia nini? Akiangalia taa, tairi na stika, basi Probox yenye buti iliyokufa itakuja imeazima mlango, ipite, na kesho yake irudi kwa mpira.

Kule haya magari yanakotoka, ukaguzi unajulikana hata na mtoto. Gari la kibinafsi linakaguliwa likiwa na miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukibadilisha umbo la gari kupita kiasi kilichowekwa unalisajili upya hivyo. Kijana wa huko mwenye spoila haombi huruma ya mtu barabarani, karatasi yake inamtetea. Hicho ndicho ningependa hapa: orodha fupi, kwa Kiswahili, ibandikwe kwa kila gereji. Unaweza kuweka hiki, kikiwa kimefungwa hivi. Huwezi kutoa loki. Huwezi kuweka kiti nyuma ya ekseli. Mtu asome aelewe bila wakili.

Na mafundi wetu wapewe nafasi ya kuithibitisha kazi yao. Mimi chuo niliacha katikati, na karibu yote niliyoandika hapa kuhusu bati, bawaba na shoki nimeyapata kwa watu ambao cheti chao ni makovu ya moto mikononi. NITA ina mitihani ya ufundi kwa madaraja, na si lazima uwe umesomea darasani ndipo uifanye. Rift Valley National Polytechnic iko hapa hapa. Fundi wa Industrial Area akiwa na karatasi anaweza kumwambia mwenye Probox, "Hii siwezi kuchomelea, buda," na maneno yake yakawa na uzito. Leo akikataa, mteja anavuka barabara kwenda kwa jirani.

Lakini hizo za mitihani na kanuni zitachukua miaka. Kuna moja inayoweza kuanza siku ya soko ijayo. Pale Gilgil kuna mizani, lakini ni ya malori, Probox inaipita ikiwa imekaa chini kama bata anayetaga. Hata hivyo kuna mtu ambaye tayari anachungulia buti moja moja zinazoshuka na viazi na kabeji. Ni yule karani wa kaunti anayekata risiti za ushuru wa mazao. Anahesabu gunia, anaandika, anapokea pesa. Anaona mlango uliofungwa na tyubu, anaona miguu ya watu juu ya gunia, na kwenye kitabu chake hakuna mahali pa kuandika hayo. Kaunti imwongezee mistari miwili kwenye hiyo fomu, mlango unafunga au haufungi, kuna mtu nyuma au hakuna, na gari lenye jibu baya lisipate risiti hadi lipange mzigo upya na watu washuke wapandishwe gari lingine. Dereva atakasirika. Lakini bila risiti hawezi kuingia sokoni, na viazi havingoji.